Shuka la Watu Wawili

Chumba cha kufulia, hospitali moja ya Porto.
Saa nne usiku, mashine kumi na moja zanguruma.
Msimamizi ni mimi: nashika orodha, nahesabu mashuka,
na Deolinda kachelewa tena.

Alipofungua mdomo, jibu langu lilikuwa tayari,
limepigwa pasi, limekunjwa.
"Mama yangu..."
"Hata wangu mgonjwa," nikamkata.
Akanyamaza.
Wiki tatu tukasalimiana kama watu wa kwenye lifti.

Kisha usiku mmoja umeme ukakatika.
Jenereta likapeleka nguvu zote wodini;
kwetu mashine zikafa, moja baada ya moja,
na kwa mara ya kwanza nikamsikia anavyopumua.

Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja.
Nikashika pembe mbili, naye mbili.
Ukivuta mno, linamponyoka mwenzio;
ukilegeza, linafagia sakafu.

"Jioni nikivaa koti," akasema gizani,
"Mama huniita kwa jina la dada yake."
Ulimi ukaniwasha. Nikauuma.
"Halafu?"
"Dada yake alikufa zamani.
Nami huitika. Siondoki mpaka alale."

Sikuwa na dawa. Methali nayo ilinikimbia, afadhali.
Tukasogeleana, pembe kwa pembe, vidole vikagusana,
tukarudi nyuma, tukasogea tena.

Taa zilipowaka, mashuka arobaini yalikuwa mezani,
mengine yamepinda.

Zamu yake sasa huanza nusu saa baadaye.
Hakuniomba.
Bado huchelewa, siku mojamoja.
Namngoja na pembe zangu mbili.