Simu Haikulia

Simu haikulia,
ndiyo maana sikuamka.

Hivyo ndivyo nilivyomjibu daktari wa mifugo
aliponiuliza alfajiri, "Wobbe, hukusikia?"
Nikalisikia jibu langu likianguka sakafuni
kama ndoo tupu.

Kutoka kitandani hadi zizini ni hatua arobaini.
Huku Frisia ardhi ni bapa kama meza,
sauti haina pa kujificha:
treni ya Leeuwarden naisikia ikivuka mfereji,
mabata bukini nawasikia wakigombana gizani.
Ng'ombe wangu sikumsikia.

Jina lake Tjitske, wa arobaini na nane katika ukoo wake,
mweusi, na doa jeupe begani
kama ramani ya kisiwa ambacho hakipo.
Mkiani nilimfunga kidude, hakizidi kibiriti.
Mkia ukitikisika kwa namna fulani, mara kadhaa,
kidude huunong'oneza mnara, mnara huiambia simu,
simu huniambia mimi:
Uchungu umeanza. Imebaki saa moja.
Misimu mitatu hakikukosea.
Misimu mitatu nimelala usingizi wa pono.

Baba yangu, Gosse, hakulala hivyo.
Alilala sikio moja likiwa nje, kama mbwa.
Nilipokuwa mtoto nilimwona akikiacha kijiko
katikati ya supu ya njegere,
kichwa kikainama upande,
akavaa viatu vyake vya mbao.
"Umesikia nini?" mama akamuuliza.
"Sijasikia kitu," akasema. "Ndiyo maana natoka."

Alikuwa akibonyeza kano mbili pale shinani mwa mkia
na kutamka: usiku huu.
Au: kesho, baada ya kukamua.
Aliushika mkono wangu akaupeleka.
"Zikilegea kama mkate uliolowa, usivue nguo."
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilijua.
Yaani, vidole vilijua,
mimi sikuwa na haja ya kujua.

Sasa roboti ndiyo inayokamua.
Naingia zizini nikitazama kioo: kijani, njano, nyekundu,
na macho ya ng'ombe yananisindikiza bila kupata salamu.
Hata usingizi wangu sijui ulikuwaje
mpaka niiulize saa ya mkononi.
Jumapili moja niliamka mwepesi, napiga mluzi;
saa ikasema, umelala vibaya, alama hamsini na mbili.
Nikachoka palepale.
Nikachoka hadi jioni.

Daktari alikifungua kidude kwa ukucha.
"Betri," akasema, akanipa kiganjani
kitu chepesi kuliko punje ya mahindi.

Ndama alikuja kinyume, miguu ya nyuma mbele.
Mtu angekuwapo, kamba ingekuwapo.
Tjitske bado alikuwa anamlamba,
anamlamba taratibu, kama mtu anayemwamsha mwanawe
asichelewe shule.

Sasa niseme kweli.
Niliamka.
Ilikuwa saa nane za usiku na dakika chache.
Kitu kilinigusa kifuani, si sauti, si ndoto,
na nyayo zangu zilikuwa zimeshafika sakafuni,
zimetangulia, hazikuniuliza.
Nikaichukua simu.
Kijani. Wote kijani.
Nikairudisha miguu chini ya blanketi
na kuiomba radhi kwa baridi.

Haya sikumwambia daktari. Jeltje, mke wangu, naye hajui.

Jana usiku nilikwenda zizini bila kuitwa.
Wa hamsini na mbili anakaribia siku zake.
Niliuweka mkono pale, chini ya mkia, nikafumba macho.
Nyama. Mfupa. Joto.
Kama mtu aliyeshika barua ya marehemu
katika lugha aliyoizungumza utotoni.
Aligeuza shingo akanitazama, bado anacheua.

Nikangoja.
Simu ikatetemeka mfukoni.
Sikuitoa.

Lakini mkono wa pili, ule wa bure,
ulikuwa umeshaanza kwenda.