Weusi wa Mbingu

Walikuwa watatu mezani, na maji ya chupa,
na picha ya baba yangu ukutani, imebandikwa nambari.
Mimi nilikaa nyuma, kwenye mlango wa ukumbi wa makumbusho,
mlango usiofungika mpaka mtu aushike.

Profesa Kyalwe alianza na mbingu.
"Tazameni weusi huu," alisema. "Ni matanga.
Bomba la kiwanda limesimama kama mshumaa uliozimwa."
Bi Henrike, aliyetoka mbali na daftari la ngozi,
alikataa kwa upole: matanga yana maiti,
na hapa hapana maiti, pana treni
na wanawake watatu wenye beseni.
Picha hizi, alisema, huchorwa na mnunuzi;
mchoraji hukopesha mkono tu.
Musoya, kijana wa Kasapa, shati limelowa kwapani,
akauliza tuna haki gani ya kuita sanaa
kitu ambacho mwenyewe alikiita ukumbusho.

Wakalivuta neno hilo, ukumbusho, huku na huku
kama ndugu wanaogombea shuka la marehemu.

Mimi habari ya weusi naijua.
Buluu ilikwisha Jumanne, duka la Mgiriki limefungwa,
Kamalondo nzima haina hata kopo.
Baba akakoroga masizi na gundi ya seremala.
Masizi nilikwangua mimi, chini ya sufuria ya bukari,
nikiwa na miaka tisa.
Mteja akaipenda mbingu ile.
Basi thelathini zilizofuata zote zikawa za usiku,
buluu iwepo isiwepo.

Nilitaka kunyanyua mkono niseme hayo.
Lakini katikati ya zile thelathini, sikumbuki ya ngapi,
baba mdogo Numbi alishuka shimoni Kipushi
na kamba ikapanda bila yeye.
Kesho yake baba alichora treni ile ile,
mbingu ile ile, masizi yale yale.
Bei hakupandisha.
Sasa na mimi niwaambie nini?

Halafu baba alikuwa mwongo, Mungu amrehemu.
Ukimwuliza treni yaenda wapi,
padri aliambiwa mbinguni,
muuza samaki aliambiwa Kalemie,
na yule mwanajeshi mwenye kamera aliambiwa:
"Mukubwa, mi nilichoraka reli tu. Treni ilikuya yenyewe."

Musoya akaomba tuzime taa.
Alikuwa ameipiga picha kwa mwanga usioonekana na jicho,
akaitandaza ukutani, kijivu, kubwa kama chumba.
Kwanza zikatokea herufi za kinu cha unga,
maana turubai za baba zilikuwa magunia.
Kisha, chini ya behewa la pili,
uso wa mwanamke. Kichwa wazi.
Anacheka, na katikati ya meno
mwanya.

Mama yangu hana mwanya.
Meno yake yamebanana kama punje za mahindi.

Kyalwe akasema: ni nchi yenyewe, mama aliyezikwa.
Henrike akasema: ni oda ambayo haikulipwa.
Musoya akasema, "Mimi sijui,"
na kwa mara ya kwanza siku ile nikampenda mmoja wao.
Wote wakageuka.
"Binti wa msanii, unamfahamu?"

Nikauachia mlango.
Ukafunguka polepole, kama kawaida yake,
jua la saa tisa likaingia na vumbi lake jekundu
likamfuta yule mwanamke ukutani,
akabaki mwanya tu, kisha na mwanya ukaenda.

Jioni, Katuba, mama aliniuliza walisema nini, wasomi.
Nikamwambia walibishana juu ya mbingu.
"Buluu iliishaka," alisema, akichambua lengalenga,
wala hakuinua macho
kuitazama ile nyingine, iliyo juu ya kabati,
ambayo tangu azikwe baba
hakuna anayeruhusiwa kuipangusa.