Wapangaji wa Namba Kumi na Nne

Barua ilikuja Jumanne, pamoja na ya umeme.
Graciete wa ghorofa ya pili akaiweka chini ya sahani ya zeituni,
akala, akaosha uma,
ndipo akavaa miwani.
Miaka hamsini na mitatu umekuwa mpangaji wetu, tunashukuru.
Jengo linahitaji ukarabati.
Miezi sita.

Kodi ya Lisbon siku hizi haipigi hodi.
Inapanda usiku na viatu vyake mkononi,
asubuhi unaikuta jikoni, imekaa.

Langoni vimeota visanduku vya funguo, vyeusi,
kama kupe sikioni mwa ng'ombe.
Mgeni anabonyeza tarakimu nne, anaingia.
Magurudumu ya mabegi yanatafuna mawe ya mtaa
hadi saa tisa usiku.

Mimi hizo tarakimu nazijua.
Ndiye ninayefua mashuka ya ghorofa ya tatu,
ninayekunja taulo mfano wa bata,
euro sita kwa chumba,
kisha napanda ya nne, kwangu,
kwenye barua kama ya Graciete.
Sijisifu. Naandika tu ilivyokuwa.

Tulikutana kwenye ngazi, maana sebule ya yeyote isingetutosha.
Shafiqul alileta kreti za soda dukani kwake, tukazikalia.
Zulmira alileta daftari la hesabu la mwanawe,
kurasa za nyuma.
Watu waliojuana miaka kumi kwa kikohozi cha ukutani
wakaulizana majina.
Kisha ubishi: nani amlipe wakili,
na maji ya nani yalibandua dari ya nani, mwaka ule wa mvua.
Saa nzima juu ya dari hiyo.
Belarmino hakutia neno.

Mpangaji, nilidhani, ni mtu wa kupangwa:
chumba hiki, tarehe hii, mlango ule.
Usiku huo, penye harufu ya dagaa na sabuni,
neno likageuka mkononi kama ufunguo.
Mpangaji ni anayepanga.
Na walichokipanga wao, tutakipangua.

Wiki iliyofuata Belarmino alihama gizani.
Walimpa elfu tano. Aliacha kiti na paka.
Graciete ndiye anayemlisha paka.

Siku ya siku akaja karani wa mahakama,
fundi wa makufuli, na polisi wawili, vijana.
Ngazi yetu ina vidato sitini na nane.
Kila kidato, mtu.
Shangazi zake Zulmira walitoka Amadora kwa treni ya alfajiri.
Hata mgeni wa ghorofa ya tatu, Mholanzi, alitoka na kahawa yake
akiuliza kama ni sikukuu.
"Kaa," Graciete akamwambia,
akamsogezea nafasi kidato cha kumi na tisa.

Karani alituhesabu kwa macho, akaandika.
Fundi alisema ana kazi nyingine saa sita.
Tumepewa hadi Oktoba.

Oktoba si mbali.
Lakini jana, kwenye taulo,
vidole vyangu vilikataa bata.
Nikazipanga tu, moja juu ya nyingine,
ghorofa nne.