Hesabu za Baridi

Kokwa ilitoka kwenye saladi, harusini Batumi.
Niliifuta kwa leso ya mezani, nikaitia pochini
kama mwizi wa vijiko.

Kiwanda cha chai kilikuwa kimefungwa, mashine zimeuzwa kwa kilo,
na mimi, karani wa mizani, nimebaki na madaftari kumi na moja matupu
ambayo hakuna aliyeyadai.

Jemali, jirani, alicheka mpaka kofia ikamdondoka.
"Panda mchenza, Tsiala, kama watu.
Mparachichi ni mti wa wanaolala madirisha wazi Januari."
Sikubisha. Kubishana na Jemali ni kutwanga maji.
Nilichimba upande wa kusini wa nyumba,
pale ukuta wa mawe unapolinywa jua mchana
na kulitema polepole usiku.

Guria hapa si baridi, si joto.
Ni kama mtu anayesema, "Tutaona."
Bahari iko karibu kiasi cha kutulowesha,
milima iko karibu kiasi cha kutushtua;
vipupwe tisa hupita kwa upole,
cha kumi huja na kisu.

Nikaandika:
*Desemba, tarehe tatu, alfajiri. Digrii nne. Mti futi mbili.*

Mwaka wa sita ukalipita paa la kibanda cha kuku.
Majani mapana, mazito, yanameta mvuani.
Miti mingine ya hapa hujua
lini kuvua nguo na kunyamaza.
Huu hulala umevaa,
kama mgeni asiye na hakika na kitanda.

Kisha Februari ile.
Jioni upepo ukakatika, nyota zikatoka zote.
Sikuzipenda. Wingu ni blanketi; nyota ni deni.
Nikaufunika mti: koti la jeshi la marehemu mume wangu,
mablanketi mawili, magunia ya chai yenye nembo iliyofutika,
na ndani yake balbu za Mwaka Mpya,
zile za zamani zinazopata moto.
Uani ukasimama mti unaong'aa tumboni.

Saa nane usiku umeme ukakatika.

Nilichemsha maji kwa kuni, nikajaza chupa za limonadi,
nikazipanga shinani, nikarudi, nikachemsha tena.
Pumzi yangu iliganda kwenye ukosi.
Saa kumi Jemali akaja bila taa,
amebeba tofali kutoka jikoni mwake, limefungwa kwa gazeti.
"Bado ni upumbavu," akasema,
akapiga magoti, akalisukuma chini ya koti.

*Digrii sita chini ya sifuri. Kuku wote wazima.*

Wiki ile mti ukawa mweusi kuanzia juu,
majani yananing'inia kama popo.
Jemali akaleta msumeno. Nikamwambia, ngoja.
Miaka thelathini mizanini: hakuna kuandika
kabla mshale haujatulia.

*Machi: hakuna.*
*Aprili: hakuna.*
*Aprili tena: hakuna, na mvua.*

Nilikwaruza gome kwa ukucha wa kidole gumba.
Kahawia. Nikashuka. Kahawia.
Kahawia, kahawia, mpaka usawa wa goti,
pale pindo la koti lilipokuwa limegusa,
na hapo, chini ya ukucha, kijani,
kibichi, kama peremende iliyofichwa watoto wasiione.

*Mei, kumi na nne. Jani moja. Jekundu.*

Sehemu ya juu niliikata mwenyewe.
Kuni zake zilitoa moshi mwingi, moto kidogo.

Haujazaa. Pengine hautazaa kamwe,
na Batumi sokoni maparachichi yapo, yana stika.
Lakini jana, katikati ya Julai,
jasho likinitiririka mgongoni,
nilimkuta Jemali akigongomea nguzo nne kuuzunguka.
Nikamuuliza za nini.
Akajibu, misumari mdomoni, neno nisilolisikia.

*Julai, tarehe tisa. Digrii thelathini na moja.*
*Nguzo nne, mbao ngumu. Moja imepinda.*
*Hakudai kitu.*