Nusu Athari

Chumba cha kupimia moyo, hospitali ya Nizwa,
kina baridi ya friji la samaki.
Mina Bishara, fundi wa mashine, mtu wa Luksor,
ananipaka mafuta chini ya titi la kushoto
na kuniomba radhi kila anaponigusa.
Kwenye kioo, kitu cheusi na cheupe
kinafumba na kufumbua
kama kiganja cha mtoto anayeomba tende.
"Ndiye huyo, Bi Zuwena. Hajachoka.
Ana kelele kidogo tu."

Miaka sabini na moja nimembeba,
leo ndiyo tunaonana.

Mina huzungumza ili mgonjwa asiogope.
Wazee wa kwao, asema, wale wa zama za mahekalu,
mtu akifa waliuvuta ubongo kwa ndoana puani
wakautupa, hawakuuona una kazi.
Ini, mapafu, matumbo: kila kimoja na mtungi wake.
Moyo peke yake waliuacha kifuani,
maana huo ndio uliokuwa na safari.
Utawekwa kwenye mizani,
na sahani ya pili itawekwa unyoya.
Unyoya mmoja wa mbuni.
Na maiti atasimama akane, moja moja:
sikuua, sikumliza mtu, sikugeuza maji ya jirani...

"Rudia hilo la mwisho."

"La maji? Kwetu kuna Nili, Bibi, kuna mifereji."

Mifereji naijua.
Birkat al-Mauz mtu hapimi maji kwa ndoo.
Hupima kwa kivuli cha kijiti mchana,
usiku kwa nyota ipandayo juu ya ukuta:
athari moja, nusu saa ya falaji.
Ghaniya binti Khalfan zamu yake ilifuata yangu.
Mumewe alikuwa Bahareni, kwenye mafuta.
Mimi ndio kwanza nimerudi kutoka Wete, na watoto wawili,
Kiarabu changu cha kuchekwa,
kichwani nina minazi, mbele yangu mitende.
Kiangazi kile nyota yake ilichomoza
na jiwe sikuliondoa.
Nikasimama mpaka majaruba ya vitunguu yakang'aa.
Nusu athari. Usiku mmoja.
Kisha nikazoea; zikafika siku tisa.
Asubuhi Ghaniya alinisalimu,
akaniuliza watoto wameamkaje.

Kwetu pia iko mizani, Mina.
Nimeijua tangu chuoni, kwa fimbo ya mwalimu.
Lakini siku zote niliiwaza ya chuma, ya soko la mbuzi,
yenye mawe makubwa kwa dhambi kubwa,
nami dhambi kubwa sina.
Unyoya ndio ulionitisha.

Akazima mashine, akanipa karatasi nijifute.
Ile kelele, asema, ni mlango mdogo ndani ya moyo,
haufungi sawasawa,
damu inarudi ilikotoka.
"Kiasi gani?"
Akanionyesha kwa vidole viwili.
Nikacheka mpaka nesi akachungulia.
Mina hakujua kwa nini.

Ghaniya tulimzika mwaka wa kimbunga.
Wanawe wako Maskati, shamba limebaki na mashina
yasiyo na vichwa.
Siku hizi zamu huletwa kwa simu,
nyota hakuna azitazamaye.
Juzi simu ilipolia nilikwenda na mkongojo,
nikalisukuma jiwe kwa mguu,
maji yakageukia upande wake.
Yaliingia ardhini kwa sauti ya mtu mzima
anayenyonya kahawa ya moto.
Sikuona nuru. Sikuhisi wepesi.
Ulipita mfuko wa plastiki, ukakwama, nikautoa.
Magoti yaliniuma.
Jana nikaenda tena.

Zimebaki siku saba.