Miti Mitatu ya Bi Mize

Daftari la chuo, ukurasa wa arubaini na moja,
kwa wino wa buluu nimeandika:
Shaame Faki. Mirathi. Amehitimu.
Sahihi ni yangu. Mkia wake umepinda kwa haraka,
maana siku ile gari ya harusi ilikuwa ikipiga honi nje
na pilau la Wete nilikuwa nishalimezea mate.

Nilimuuliza suali moja. Akajibu nusu.
Nusu ya pili nilimjazia mimi.

Tukampeleka Kiuyu na kanzu mpya.
Akafa mume wa Bi Mize.
Mikarafuu ishirini na nne. Mtoto hakuacha,
ila mke, na ndugu mmoja.
Shaame akafungua kinywa, akatoa nilichomtia:
thumni.
Mitatu kwa mjane, iliyobaki kwa shemeji.
Wanaume wakaitikia amina, wakanywa kahawa.

Misimu miwili ikachumwa.
Khabari nilizipata Konde, kwa mpimaji karafuu, kwa mzaha:
"Mwalimu, huko chuoni kwenu robo imeshuka bei?"

Usiku nikatafuta wa kumlaumu.
Nikamweka Shaame mbele, na ujana wake, na pupa yake.
Kila nikifika mwisho wa lawama
naikuta sahihi, mkia umepinda.

Ijumaa, watu hawajavaa viatu, nikasimama msikitini Kiuyu.
Shaame akataka kuinuka. Nikamshika bega:
"Kaa. Yako itakuja. Hii yangu."
Sikusema tulikosea. Nilisema nilikosea.
Shemeji akaangalia vidole vya miguu yake,
muda mrefu, kisha akasema miti itarudi.

Mavuno ya misimu miwili niliyalipa mimi,
pishi kwa pishi, nikayapeleka uani.
Bi Mize alikuwa akianua karafuu jamvini.
Hakuinuka.
"Mie nalijua kuwa ni robo," akasema.
"Baba alitusomesha sote, wake kwa waume.
Lakini yule ulimvisha kanzu.
Mie na kanga yangu, nani angelinisikia?"

Sikuwa na jibu. Hilo nimerudi nalo.

Leo Jumamosi simu nimeizima.
Vijana tisa, na Shaame wa kumi, karibu na mlango.
Neno amehitimu nimelipiga mstari;
pembeni nimeandika jina langu, bila ya alama.
"Haya. Mume amekufa, mtoto hakuacha.
Mke apewe nini?"

Kimya. Mmoja ananitazama mdomo.
Nangoja.
Safari hii simjazii mtu.