Kura ya Ardis

Karatasi ndefu kama risiti ya harusi
kaitandaza mezani, kando ya chupa ya vidonge.
Oregon inanyesha tangu Jumapili.

Gavana: katia wino bila kusita.
Jaji hana mpinzani.
"Huyu atashinda hata nikilala," akamruka.

Pendekezo la ishirini na sita: kodi ya maktaba,
senti kadhaa kwa kila dola elfu ya nyumba.
Paa lake mwenyewe linavuja; ndoo ukumbini, to, to.
Akamkumbuka Verlin, mwaka kiwanda cha mbao kilipofungwa,
akishinda kule na gazeti lilelile,
kwa kuwa kulikuwa na joto
na hakuna aliyemuuliza kitu.
Ndiyo.

La ishirini na saba kalisoma mara tatu.
Ndiyo yake ni hapana, hapana yake ni labda.
Waliolitunga wana vyeo; yeye ana miwani.
Kaliacha jeupe.

Chini kabisa, bodi ya mifereji:
hakuna aliyejitokeza. Mstari mtupu.
Akaandika VERLIN, herufi kubwa, polepole,
marehemu wa miaka minne,
aliyezibua mtaro wa barabara nzima kwa koleo lake
bila kuomba kura.

Akalamba bahasha, akatoka na mwavuli.
Maji yakamfika vifundoni.